Shajara ya Mradi: Wiki 18 za Kulichelewesha Jibu la Kwanza

Jumatatu, 6 Januari 2025

Mradi huu unaanza leo na nimeupa muda wa wiki 18, yaani hadi wiki ya pili ya Mei. Mimi ni mchoraji wa khanga na vitenge katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar es Salaam, kazi niliyoifanya kwa miaka 14, na kilichonisukuma kuuanzisha ni hesabu niliyoifanya wakati wa mapumziko ya Krismasi, nilipopitia michoro yangu yote ya mwaka uliopita. Kati ya michoro 58 iliyotoka mezani kwangu, 43 ilianza kwa kufungua faili la zamani, kulinakili, kubadilisha rangi na kusogeza maua kidogo. Hakuna mteja aliyelalamika, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi, kwa kuwa ningeweza kuendelea hivyo hadi kustaafu pasipo mtu yeyote kunishtua.

Sitaki kuusingizia umri. Nina miaka 38, nimeona nguo nyingi kuliko nilizokuwa nimeziona nilipoajiriwa, na hazina hiyo ingetakiwa kunisaidia. Ninachokishuku ni kwamba siku hizi jibu la kwanza linanijia haraka mno na, kwa kuwa linakubalika, halipati mpinzani. Miaka ya mwanzo sikuwa na mafaili ya kunakili, kwa hiyo nililazimika kuhangaika na penseli hadi kitu kitokee.

Masharti niliyojiwekea ni machache. Kila oda mpya itachorewa michoro 12 ya penseli, yenye ukubwa wa kiganja, kabla sijawasha kompyuta, na kila mmoja utapewa namba kwa mpangilio wa kuchorwa ili baadaye nijue ni upi uliochaguliwa. Kila siku ya kazi nitatembea dakika 20. Mara moja kwa wiki nitachora khanga isiyo na mteja. Msimamizi wangu ameridhia, akaongeza sharti lake kwamba oda zisichelewe hata siku moja.

Jumanne, 14 Januari

Nilihitaji kipimo cha kuanzia, japo kiwe hafifu. J. P. Guilford, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye hotuba yake ya mwaka 1950 mbele ya chama cha wanasaikolojia wa nchi hiyo iliwafanya wenzake waanze kuuchunguza ubunifu kwa bidii, alitofautisha fikra zinazokusanyika kuelekea jibu moja sahihi na fikra zinazotawanyika kutafuta majibu mengi. Kipimo maarufu kilichotokana na kazi yake humtaka mtu ataje matumizi mengi kadiri awezavyo ya kitu cha kawaida, na mara nyingi kitu hicho huwa ni tofali. Mimi nilichukua khanga, nikaweka saa ya dakika 10.

Katika dakika mbili za kwanza niliandika matumizi tisa bila kuinua kalamu: kujifunga, kujitanda, mbeleko, ngata ya kubebea ndoo, shuka, pazia, kumpokelea mtoto mchanga, kufunikia maiti na kufungia mzigo. Kisha nikakwama kabisa, nikabaki kuitazama feni ya darini. Yaliyofuata yalikuja kwa kusuasua: kuchujia tui, kupepea mkaa, kuziba upenyo wa mlango mvua inapopiga, kumfichia mgonjwa aibu anapobadilishwa nguo. Jumla nilifikisha 23. Guilford na wenzake wawili, Christensen na Wilson, walionyesha mwaka 1957 kwamba katika kipimo cha aina hii majibu yanayochelewa huwa si ya kawaida kama yale ya mwanzo. Orodha yangu inakubaliana nao.

Kuna jambo moja lililonifedhehesha, na naliandika ili nisilisahau. Kwamba khanga hutumika kumwambia mtu neno ambalo mdomo hauwezi kulitamka, nililikumbuka dakika ya saba, wakati mimi ndiye ninayeyapanga hayo maneno kwenye kitambaa kila wiki.

Ijumaa, 24 Januari

Sharti la michoro 12 limevunjika mapema. Huu ni msimu wa vitenge vya sare kwa ajili ya Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, na ofisi zinazoagiza hutaka nguo ziwafikie mafundi cherehani mwezi mzima kabla. Mteja wa leo alisema waziwazi kwamba anataka kama cha mwaka jana, ila nembo iwe kubwa. Nilichora minne, nikatazama saa, nikafungua faili. Oda mbili nyingine za wiki hii zimekwenda hivyo hivyo.

Jumanne, 4 Februari

Leo nimepata kitu ambacho sikukitafuta. Nilikuwa nasoma kuhusu jaribio la Karl Duncker, Mjerumani ambaye maandishi yake kuhusu utatuzi wa matatizo yalitolewa kwa Kiingereza mwaka 1945. Watu walipewa mshumaa, kiberiti, pini na boksi dogo, wakatakiwa kuusimamisha mshumaa mlangoni. Njia ni kulibandika boksi mlangoni kwa pini na kuusimamisha mshumaa juu yake. Boksi likiwa tupu, watu huliona. Likiwa limejaa vitu, wengi hawalioni, kwa sababu akilini mwao boksi hilo tayari lina kazi, nayo ni kuwekea vitu. Tim German na Margaret Defeyter walichapisha mwaka 2000 matokeo ya jaribio la namna hiyo kwa watoto, wakaona kwamba wa miaka mitano hawakunaswa na mtego huo ilhali wa miaka sita na saba walinaswa. Kumbe hali hii ya kukijua kitu hadi kukitumia kwa namna nyingine kukashindikana humwanza mtu mapema sana.

Nikainua macho kwenye kompyuta nikaona boksi langu. Mafaili yetu yote yamepangwa katika folda mbili kubwa, moja imeandikwa PINDO na nyingine MJI. Kwa asiyefanya kazi hii nieleze kwamba pindo ni mpaka unaoizunguka khanga pande zote nne, mji ni uwanja wa katikati, na jina ni maandishi yanayokaa upande wa chini wa mji. Korosho, lile umbo la koma nene linalopendwa sana, limo katika folda ya PINDO, na katika miaka 14 sijawahi hata mara moja kulitoa humo na kulijaza katikati kwa ukubwa wa sinia. Hakuna aliyenikataza. Folda ndiyo iliyonikataza.

Nimeshinda mchana mzima nikihamisha mafaili 611 kwenye folda moja isiyo na jina, yakipangwa kwa tarehe tu. Mwenzangu wa chumbani amenuna kwa sababu sasa hapati anachokitafuta, nami nimemwachia nakala ya mpangilio wa zamani. Ila alipokuwa akitafuta pindo la mawimbi kwenye folda mpya alikutana na embe la mwaka 2013, akasema, “Dada, hili lingefaa kuwa pindo.” Sikumjibu.

Jumatano, 19 Februari

Matembezi. Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti mwaka 2014 kwamba watu wakitembea hutoa mawazo mapya mengi zaidi kuliko wakiwa wameketi, kwa wastani wa takribani asilimia 60, na kwamba hata waliotembea ndani ya chumba kwenye mashine ya mazoezi, wakiutazama ukuta mtupu, walifaidika. Kwa maswali yenye jibu moja tu, kutembea hakukusaidia. Habari ya ukuta mtupu ilinipa moyo, kwa sababu jua la Februari la saa saba mchana si la kutembelea. Nimekuwa nikizunguka katika ghala, katikati ya majora ya kitambaa cheupe yaliyopangwa hadi karibu na paa, na walinzi wameshazoea.

Hadi leo nimetembea siku 24 kati ya 33 za kazi. Mara nyingi hakuna kilichotokea isipokuwa kutokwa na jasho. Mara tatu kilitokea kitu, na cha juzi ndicho bora zaidi: ukuta wa nyuma wa ghala umejengwa kwa tofali za matundu, na mwanga unaopita humo huanguka juu ya majora kama safu ya nusu duara zilizovunjikavunjika. Nimelipita eneo hilo kwa miaka 14. Sasa ni pindo, mchoro namba 7 wa oda ya mteja mmoja wa Tanga, naye amelichukua.

Jumatatu, 24 Februari

Nilikwenda Mtaa wa Uhuru kwa wauzaji wa jumla, si kupeleka sampuli bali kuketi na kutazama. Mama mmoja mwenye duka alinipa kigoda, akaniuliza kama nimetumwa na watu wa kodi. Nilipomwambia kwamba mimi ndiye ninayezichora baadhi ya khanga alizozitundika, alicheka, akasema, “Basi kaa, mwanangu, uone watu wanavyozifungua.”

Nilikaa saa mbili na nusu. Takribani wanawake wote waliofungua doti walifanya jambo lile lile: waliikunjua hadi upande wa chini, wakasoma, na baada ya kusoma ndipo wakaitazama rangi. Wengine walisoma kwa sauti, wakacheka na kuirudisha, wengine walimsomea mwenzao kwa jicho la pembeni. Aliyekuja kutafuta kisutu peke yake hakusoma, kwa sababu kisutu cha jadi, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, hakina jina, na anayekitafuta anakijua kabla hajafika dukani.

Sisi kiwandani hufanya kinyume. Huanza na mji, tukatafuta pindo la kuuvisha, na jina huja mwisho kabisa, pengine likiandikwa na yeyote aliyepo jioni hiyo, likabanwa katika kisanduku kilichobaki. Kuanzia kesho, khanga yangu ya wiki isiyo na mteja itaanza na jina, na mengine yote yatalifuata. Jambo hili ni dogo, lakini tangu mradi uanze ndilo lililoyageuza zaidi mawazo yangu, kwa kuwa hata nikitaka kunakili, hakuna faili linaloanzia hapo.

Nilipokuwa nikirudi nilikumbuka kile kisa kinachosimuliwa kila mahali kuhusu asili ya nguo hii, kwamba wanawake wa Unguja katika karne ya 19 walinunua leso, zile za mraba zenye jina lililotoka katika Kireno, zikiwa bado hazijakatwa katika jora, wakazishona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, ili wapate vazi. Waliozichapa leso walikuwa wamezichapa kwa ajili ya pua na jasho. Lile boksi la Duncker liliwahi kufika Unguja, na wanawake wale walilimwaga pini.

Ijumaa, 14 Machi

Ramadhani. Nimefunga, nalala kwa vipande, na oda za Idi zimerundikana. Michoro 12 imefanyika kwa oda moja tu kati ya tatu. Matembezi hakuna. Khanga ya wiki hakuna, kwa wiki mbili mfululizo.

Alhamisi, 3 Aprili

Tumerudi baada ya Idi na mvua za masika zimeanza kunyesha. Msimamizi, aliyekuwa akiufuatilia mradi wangu kwa mbali, aliitisha kikao cha kuchangia mawazo kuhusu toleo la katikati ya mwaka, akataka watu wote wa uchoraji, uchapaji na mauzo wahudhurie. Nilimwomba nikae naye kwanza, kwa heshima, nikamweleza wasiwasi wangu. Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani aliyeueneza mtindo wa vikao hivi, aliamini kwamba watu wakichangia kwa pamoja bila kukosoana hutoa mawazo mengi zaidi. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Yale walipolipima jambo hilo mwaka 1958 kwa makundi ya watu wanne, waliona kwamba watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, majibu yao yakiunganishwa, walitoa mengi na mazuri zaidi kuliko wanne walioketi pamoja. Moja ya sababu zilizothibitishwa baadaye ni nyepesi: mmoja akisema, wengine hungoja zamu, na wakingoja husahau au huona haya.

Kwetu kuna sababu ya ziada ambayo watafiti hao hawakuwa na haja ya kuiandika. Mzee akishasema, kijana atamwanzia wapi? Atasema, “Kama alivyosema mzee,” na kikao kitaisha kwa chai. Nilipendekeza kila mtu aandike peke yake kwa dakika 15, bila jina, karatasi ziingizwe katika bakuli, na mdogo kuliko wote azisome. Msimamizi alisita kidogo kisha akakubali, nadhani kwa kuwa bakuli lilimchekesha.

Karatasi zilikuwa 31. Nyingi zilikuwa za kawaida, mbili zililalamikia chakula cha mchana, na moja ilikuwa na mwandiko wa kukwaruza uliosema: njano na bluu zipandishwe, zitoe kijani, msitengeneze skrini ya kijani. Chumba kilinyamaza. Mwandishi alijitaja mwenyewe, mzee wa uchapaji ambaye alikuwa kiwandani kabla yangu. “Sisi tunashinda na rangi kutwa nzima,” alisema, “lakini michoro huja kwetu imekwisha.”

Maana yake ni hii. Kila rangi inayochapwa huhitaji skrini yake, yaani wavu unaoipitisha rangi hiyo kwenye kitambaa mahali panapotakiwa tu, na skrini ni gharama, kwa hiyo mchoraji hupewa idadi ya rangi na kuambiwa asiivuke. Rangi mbili zenye kupitisha mwanga zikichapwa moja juu ya nyingine mahali fulani, hapo hutokea rangi ya tatu bila skrini ya tatu. Wachapaji wanalijua jambo hilo siku zote kama kosa, kwa sababu hutokea skrini zinapopishana vibaya. Mimi pia nililijua kama kosa.

Jioni hiyo hiyo, katika safari ya ghalani, nikiwa nayazunguka majora na kuzifikiria rangi mbili zinazomzaa wa tatu, jina lilikuja lote kwa mkupuo: WAWILI TUMEKUTANA WA TATU KATOKEA WAPI. Nilirudi mezani nikicheka peke yangu. Mtu atakayelivaa atajua anamwambia nani.

Ijumaa, 11 Aprili

Jaribio la kwanza la khanga hiyo limeharibika, na kosa ni langu. Niliuchora mji wa majani ya kijani kwa kupandisha njano na bluu katika kila jani, nikasahau kwamba kitambaa hunyooka kidogo kinapopita mashineni. Rangi zilihama kwa unene wa kijiti cha kiberiti, na kila jani likatoka na kivuli cha njano upande mmoja na cha bluu upande mwingine. Mita 20 zimepotea. Msimamizi hakusema kitu, ila aliikunja sampuli polepole sana mbele yangu.

Niliketi na mzee wa uchapaji. Nilitarajia anifundishe namna ya kuzibana skrini zisihame, lakini aliniuliza kwa nini kingo lazima zilingane. Maduara makubwa mawili yakiingiliana, mmoja wa njano na mmoja wa bluu, kijani hutokea katikati mfano wa kope za jicho, na yakihama kidogo hakuna atakayejua. Sikuwa nimeufikiria mchoro unaokubali kuhama, kwa sababu siku zote nimefundishwa kuchora unaokataa.

Jumatano, 23 Aprili

Jaribio la pili limefaulu. Skrini ni tatu, yaani ya njano, ya bluu na ya nyeusi kwa maandishi na kingo za pindo, na rangi zinazoonekana kwenye kitambaa cheupe ni nne. Pindo ni lile la matundu ya ukuta wa ghala, likiwa jipya kwa kuwa mteja wa Tanga alichukua lenye maua ndani yake.

Nimekirudia pia kipimo cha Januari, safari hii kwa ndoo ya plastiki. Nimepata 25. Nilimpa mwenzangu orodha zote mbili bila tarehe ili awekee alama majibu aliyoyaona si ya kawaida. Ya khanga alizipa sita, ya ndoo nane. Tofauti hiyo ningeweza kuipata kwa kikombe cha chai, na zaidi ya hayo vitu vyenyewe ni viwili tofauti, kwa hiyo siwezi kudai kwamba kichwa changu kimebadilika. Kilichobadilika ni njia ambayo kazi inapitia kabla ya kufika kichwani.

Ijumaa, 9 Mei

Hesabu ya kufunga. Oda zilikuwa 21. Tano zilipita bila masharti, zote katika misimu ya haraka, na zote tano zilianza na faili la zamani. Kwa zile 16 zilizochorewa michoro 12, michoro iliyochaguliwa hatimaye imegawanyika hivi: miwili ilikuwa miongoni mwa mitatu ya kwanza, mmoja ulikuwa wa nne, 11 ilikuwa kati ya wa tano na wa tisa, na miwili ilikuwa ya kumi. Wa 11 na wa 12 haukuchaguliwa hata mara moja, na nikiitazama naona dhahiri kwamba niliichora ili nimalize. Kuanzia Jumatatu sharti litakuwa michoro tisa, na msimamizi amelikubali hata kwa oda za haraka, mradi nisizidishe nusu siku. Matembezi yanabaki. Karatasi za bakuli zitafanyika kila baada ya miezi mitatu, na mzee wa uchapaji atakuwa akiiona michoro ya penseli kabla haijaingia kwenye kompyuta.

Mchana nilipeleka doti tano Mtaa wa Uhuru. Mama mwenye duka aliikunjua mojawapo hadi chini, akasoma, akasoma tena kwa sauti, akamwita jirani yake wa duka la pili naye asome. Walicheka hadi mmoja akashika nguzo. Kisha alinigeukia akauliza, “Ina rangi nyingine?”

Khanga huuzwa kwa rangi mbalimbali, mchoro ukiwa ule ule. Hilo nalijua tangu siku ya kwanza kazini. Lakini hii haiwezi kubadilishwa rangi kwa kubonyeza tu, kwa kuwa kila jozi humzaa wa tatu wake. Nyekundu na njano zitatoa rangi ya chungwa, nayo itauzika. Nyekundu na bluu zitatoa zambarau iliyokolea, na jina la nyeusi juu yake halitasomeka. Nimemwomba anipe wiki mbili, na nimeshachora jozi nne kwa penseli za rangi ndani ya daladala.